Jinsi ya Kumvua Kambare kwa Mshipi katika Mto Ruvu: Mwongozo Kamili kwa Waliozoea Bahari

Mtu aliyezoea kuvua changu baharini akienda Mto Ruvu na mshipi wake uleule, mara nyingi hurudi Bagamoyo na malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba chambo kililiwa tangu magharibi hadi usiku bila samaki hata mmoja kunasa; la pili ni kwamba alinasa mkubwa mmoja, na huyo akaondoka na ndoana. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi, tena kwa maneno yaleyale, hata nikaona ni heri kuandika hatua zote mahali pamoja.

Tatizo si bahati mbaya wala si uhaba wa samaki. Changu hudokoa na kukimbia, kwa hiyo mvuvi wa baharini amejifunza kuvuta mara tu anapohisi mguso. Kambare hugusa kwanza kwa sharubu zake nane, huchukua chambo mdomoni, kisha huhama nacho, na anayevuta katika ule mguso wa kwanza humnyang'anya chakula kabla hajakifumba. Vifaa na hatua zote zinazofuata zimepangwa ili samaki huyu apate nafasi ya kuondoka na chambo bila kushtuka.

## Ruhusa kwanza

Uvuvi nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Muone ofisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kwenda, umuulize kuhusu leseni na sehemu zilizozuiwa. Usikaribie mitambo inayochota maji ya mto kwa ajili ya mji, na usifikirie kuvua ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako Mto Wami unamalizikia baharini.

## Vifaa vinavyohitajika

Vingi vinapatikana katika maduka ya vifaa vya uvuvi mjini, lakini usikubali kuuziwa vile vya bahari kuu.

- Mshipi wa nailoni wa mita 50, wenye unene wa karibu milimita 0.6 na uwezo wa kilo 20 hivi. Mnene zaidi ya huo hukaa mgumu kama waya, haulali vizuri chini, na kambare huuhisi.
- Kigwe, yaani kipande kifupi cha nailoni nene ya milimita 0.9, chenye urefu wa sentimita 40. Hiki ndicho kinachobeba ndoana.
- Ndoana imara ambazo nafasi kati ya ncha na mkono wake ni kama upana wa kidole cha shahada. Chukua sita angalau.
- Chubwi, yaani uzito wa kuzamishia mshipi, la gramu 50 hadi 80. Plagi mbovu ya pikipiki hufanya kazi hiyo vizuri, na mafundi huzitupa kila siku.
- Pete ndogo ya plastiki au ya chuma laini isiyo na makali, pamoja na shanga moja ngumu.
- Kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, chenye tundu kila upande.
- Kibao au chupa ya kuzungushia mshipi, na vijiti viwili vyenye panda.
- Koleo, kisu, kitambaa kizito, kipande cha tyubu ya baiskeli, tochi ya kichwani na wavu wa kuopolea wenye mpini mrefu.

Watu wengi huniuliza kuhusu waya wa chuma badala ya kigwe cha nailoni. Waya hauhitajiki. Kambare hana meno ya kukata kama ya nguru. Ana meno madogo mengi yaliyopangika kama msasa, ambayo husugua mshipi mpaka ukachakaa. Dawa ya msasa ni unene, na waya mgumu humfanya ateme chambo.

Mwenye fimbo ya kuvulia na mashine yake aitumie, hasa ikiwa na urefu wa mita 2.5 hadi 3. Hatua ni zilezile. Hata hivyo, anayeanza hujifunza haraka zaidi kwa mshipi wa mkono, kwa sababu kidole humweleza mambo ambayo fimbo humficha.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Baharini tunahesabu bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa sana na siku za maji kujaa kidogo. Mtoni hesabu hiyo ina maana karibu na mlango wa mto tu. Ukishapanda juu, kinachotawala ni mvua, tena si mvua ya Bagamoyo. Ruvu huanzia Milima ya Uluguru, na mvua ikinyesha huko maji hupanda kwetu huku mbingu ikiwa nyeupe na vumbi likitimka barabarani.

Siku nzuri ni zile ambazo mto umeanza kupanda na umegeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini bado haujabeba magogo. Maji yanayopanda huchukua nyungunyungu, vyura na wadudu kutoka kingoni, na kambare husogea ukingoni kuwapokea. Mto ukishafurika kabisa, kaa nyumbani. Chubwi halitatulia na ukingo wenyewe unaweza kumeguka chini ya miguu yako.

Kambare hula zaidi usiku. Nasisitiza, hata hivyo, kwamba anayejifunza asivue usiku mtoni. Aanze saa kumi jioni na aondoke giza linapoingia, au afike alfajiri kukishapambazuka. Katika maji yenye tope kambare hatambui tofauti kubwa kati ya mchana na usiku, kwa kuwa hutafuta chakula kwa kunusa na kwa sharubu, kwa hiyo mvuvi wa jioni hapotezi mengi.

## Hatua ya 2: Hakikisha uko kwenye maji baridi

Hatua hii huonekana ya mzaha, lakini nimewakuta watu wakivua kambare katikati ya mikoko. Tazama mimea. Palipo na mikoko, chumvi ya bahari bado inafika. Panda juu hadi uanze kuona matete na nyasi ndefu za maji.

Samaki naye atakuambia. Ukitoa mwenye sharubu na mkia wenye panda, huyo ni hongwe, samaki wa maji ya chumvi, na wewe bado uko mpakani mwa bahari. Mkia wa kambare ni wa mviringo kama kijiko, na pezi la mgongoni ni refu, linaanzia karibu na kichwa na kukaribia mkia.

## Hatua ya 3: Chagua pembe ya mto, na mkumbuke mamba

Tafuta mahali mto unapopinda. Upande wa nje wa pindo maji huchimba na kuacha kina. Karibu na hapo, mkondo unapopungua nguvu, ndipo kambare hupumzika. Mahali pengine pazuri ni chini kidogo ya kijito kinachoingia mtoni, na mdomo wa mfereji unaorudisha maji ya mafuriko mtoni baada ya masika. Epuka penye mizizi mingi chini ya maji, hata kama samaki wapo, kwa sababu hutaweza kuwatoa.

Kaa kimya dakika 10 kabla ya kutupa chochote. Kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia juu ya mashavu yake, na kila baada ya muda hupanda kuvuta hewa. Utaona duara moja pana juu ya maji, pengine na mapovu machache, kisha kimya. Ukihesabu maduara matatu au manne katika dakika hizo, umefika.

Onyo. Ruvu ina mamba na viboko. Kaa mita tano au zaidi kutoka kwenye maji, mahali palipo wazi na juu kidogo, na usiende peke yako. Usiingie majini kukwamua ndoana, hata ikiwa ni ya mwisho. Usitumbue samaki ukingoni, wala usiwaning'inize majini kwa kamba, kwa kuwa damu na matumbo huita. Usirudi mahali palepale saa ileile siku baada ya siku. Mamba hujifunza ratiba ya mtu. Ukiona njia iliyolalishwa nyasi kutoka majini kwenda nchi kavu, hiyo ni njia ya kiboko, na usikae juu yake. Mwenye lambo lisilo na wanyama hao karibu na kijiji chake aanzie huko, kwa maana kambare wa lambo na wa mto hula namna moja.

## Hatua ya 4: Funga mshipi ili chubwi liteleze

Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Mshipi wa baharini mara nyingi una chubwi lililofungwa imara, na kambare akianza kuhama huhisi uzito huo na kutema. Chubwi la mtoni lazima libaki chini huku mshipi ukipita ndani ya pete yake.

Pitisha mshipi ndani ya pete, kisha ndani ya shanga, halafu funga ncha yake kwenye tundu moja la kiungo kinachozunguka. Kwenye tundu la pili funga kigwe, na mwisho wa kigwe funga ndoana. Pete inateleza juu ya mshipi. Shanga inalinda fundo lisigongwe na pete. Kiungo kinazuia mshipi usijisokote, kwa kuwa kambare akivutwa hujiviringisha kama anayesokota kamba.

Chubwi lenyewe lifunge kwenye pete kwa uzi dhaifu wa sentimita 10. Likikwama chini ya jiwe, uzi huo utakatika kwanza, utapoteza plagi mbovu na kubaki na ndoana, kigwe na pengine samaki.

Fundo la ndoana lifungwe hivi. Pitisha kigwe kwenye tundu la ndoana, zungusha ncha yake mara tano juu ya kigwe chenyewe, irudishe ndani ya kile kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu la ndoana, kisha ipitishe ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika mahali usipopaona; waliokatikiwa mshipi "bila sababu" wengi wao walikaza fundo kavu.

Utajua umefaulu mizunguko ikilala ubavu kwa ubavu bila kupandana, na fundo lisiposogea ukiivuta ndoana kwa nguvu zako zote, ndoana ikiwa imeshikwa kwa koleo. Kisha shika kigwe mkononi na uvute mshipi: chubwi litulie chini na mshipi upite bila kukwaruza.

## Hatua ya 5: Noa ndoana, kisha weka chambo

Buruta ncha ya ndoana juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikikwama na kuacha alama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwenye jiwe laini. Kichwa cha kambare ni mfupa mtupu, na ndani ya mdomo wake hakuna nyama nyingi ya kuisamehe ndoana butu.

Chambo cha kwanza kwangu ni maini ya kuku. Yanatoa harufu ambayo mkondo huisambaza mbali, lakini ni laini na huruka hewani unapotupa. Yakate vipande vya ukubwa wa dole gumba, yanyunyizie chumvi, yaache kivulini kwa saa moja yakauke juu, kisha yafunge kwenye ndoana kwa uzi wa kushonea, mizunguko sita au saba. Nyungunyungu wakubwa watano kwa pamoja ni wazuri maji yanapopanda. Utumbo wa kuku huvumilia kutupwa kuliko vyote, nao hauna gharama ukizoeana na muuza kuku. Perege mdogo mbichi aliyekatwa ubavuni ili damu itoke huwavuta kambare wakubwa, ila utasubiri zaidi.

Acha ncha ya ndoana ionekane. Najua baharini wengi huificha, lakini kambare hachagui kwa macho, na ncha iliyofunikwa na ini hukwama kwenye ini badala ya kukwama mdomoni.

## Hatua ya 6: Tupa, kisha legeza

Kunjua mita 20 za mshipi chini penye nyasi fupi, hakikisha hakuna aliyesimama nyuma yako, zungusha chubwi mara mbili kando ya mwili na uliachie. Huna haja ya kufika katikati ya mto. Kambare wengi huwa karibu na ukingo, na wanaotupa mbali mara nyingi huwapita juu.

Chubwi likigusa chini, vuta taratibu mpaka mshipi unyooke, kisha uulegeze mita moja. Uweke juu ya kijiti chenye panda na ufunge kibao kwenye kijiti cha pili kilichopigwa ardhini kwa nguvu. Juu ya sehemu iliyolegea, kati ya vijiti viwili, kunja kipande cha jani la mgomba na ukitundike. Jani hilo ndilo litakalokusemesha.

## Hatua ya 7: Soma jani

Mara ya kwanza nilipofika Ruvu nilimaliza utumbo wa kuku wawili bila kupata samaki. Nilikuwa nimeukaza mshipi juu ya kidole, kama niko ndani ya ngalawa, na kila ulipotikisika nilivuta. Mzee mmoja wa Makurunge aliyekuwa akivua jirani hakunicheka. Aliutoa mshipi kidoleni mwangu, akaulegeza, akatundika jani, akaniambia niweke mikono yangu magotini mpaka aniruhusu.

Jani lilicheza mara mbili, likatulia. Nikainuka, akanizuia. Likacheza tena, likatulia kwa muda wa kumaliza kumeza mate. Kisha likaanza kupanda, taratibu, bila kutetemeka, kama mtu anayevuta pazia, mpaka likagusa mshipi ulionyooka na kuanguka. Hapo ndipo aliponigusa bega.

Kwa hiyo tofautisha mambo matatu. Mitikisiko midogo ya haraka isiyokoma ni ya perege wadogo au kaa wanaodonoa. Waache, na ukikuta chambo kimeisha badilisha. Mivuto miwili au mitatu mizito yenye kituo katikati ni kambare anayeonja, usiguse kitu. Mwendo mmoja ulionyooka, jani likipanda moja kwa moja, ni kambare aliyefumba mdomo na kuanza safari. Jani likishaanguka, shika mshipi, hesabu moja hadi tatu, ndipo uvute.

Wakati mwingine jani hushuka badala ya kupanda. Maana yake samaki anakuja upande wako. Kusanya mshipi haraka mpaka umhisi, kisha fanya vilevile.

Usisubiri kupita kiasi, ukihesabu hadi thelathini kama wengine wanavyoshauri. Samaki atameza ndoana hadi tumboni, na huyo hata ukimrudisha majini huenda asiishi.

## Hatua ya 8: Mvute bila kupigana naye

Uvutaji wa kunasa uwe mrefu na thabiti, mkono ukitoka mbele hadi nyuma ya bega, usiwe wa kushtua. Ukihisi uzito unaotikisa kichwa kushoto na kulia, amenasa.

Vaa kipande cha tyubu kwenye kidole na usizungushe mshipi mkononi kamwe. Nailoni ya milimita 0.6 yenye kambare wa kilo 8 upande wa pili inaweza kuingia nyama hadi kwenye mfupa. Samaki akitaka kwenda, mshipi uteleze juu ya tyubu kwa shida, akipumzika, mkusanye. Lengo ni kuweka uzito juu yake wakati wote. Mshipi ukilegea hata kidogo wakati anajiviringisha, ndoana huchomoka.

Akielekea kwenye mizizi, sogea pembeni kando ya ukingo ili umvute kwa ubavu, kwa sababu ni rahisi kugeuza kichwa chake kuliko kumburuta nyuma. Mbio zake za mwisho huja anapouona ukingo, na hapo ndipo wengi hupoteza kwa pupa. Mwachie mita mbili tatu, kisha mrudishe juu ya wavu uliokwisha kulowekwa. Anayeshika wavu asimame nyuma ya ukingo na autumie mpini; hakuna mkono unaoingia majini.

## Hatua ya 9: Mshike, mtoe ndoana

Kambare ana mwiba mgumu wenye meno ya msumeno katika kila pezi la kifuani, na akiogopa huisimamisha yote miwili. Mfunike kichwa kwa kitambaa, mshike kutoka juu, dole gumba upande mmoja na vidole upande wa pili, nyuma ya miiba hiyo. Kisha toa ndoana kwa koleo. Ikiwa imemezwa, kata kigwe karibu na mdomo.

Ukichomwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha ukifika nyumbani liloweke kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua kwa dakika 30 au zaidi. Joto hupunguza maumivu. Nenda zahanati kwa ajili ya chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa kipande cha mwiba kimebaki ndani.

Mwanzoni mwa masika utapata majike wenye matumbo yaliyojaa mayai, wakielekea kwenye mabonde yaliyofurika kutaga. Mimi huwarudisha.

Unayemchukua umuue mara moja kwa pigo moja au mawili ya rungu zito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Kwa kuwa anaweza kuvuta hewa, kambare aliyeachwa ndani ya gunia hukaa hai kwa saa nyingi, na kumwacha hivyo ni ukatili usio na faida yoyote kwenye chungu.

## Hatua ya 10: Kabla ya kutupa tena

Pitisha kigwe kati ya kidole na ukucha kuanzia ndoana hadi kwenye kiungo. Ukihisi ukwaruzo, hata mmoja, kikate na ufunge kipya. Huo ndio msasa wa meno yake, na samaki anayefuata atakikatia hapohapo. Fanya hivyo pia kwenye mita ya mwisho ya mshipi, kisha unoe ndoana upya. Vipande vya nailoni vilivyokatwa viweke mfukoni, kwa sababu ndege wa mtoni hunaswa miguu.

Usipopata dalili yoyote kwa dakika 40, usibadilishe chambo, badilisha mahali. Sogea hatua 30 kando ya ukingo, kaa kimya, na uanze tena kuhesabu maduara.